Mechi 116 Hazikutosha: Mariners Hawahitaji Muujiza, Wanahitaji Julai

Ligi kuu ya besiboli Marekani ina timu 30. Timu 29 zimewahi kufika fainali, ile inaitwa World Series. Moja haijawahi. Sisemi ilifika ikapigwa. Nasema haijafika, hata siku moja, tangu izaliwe mwaka wa 1977. Hiyo moja inaitwa Seattle Mariners, na hiyo ndiyo timu yangu. Chekeni mmalize, nitangoja.

Mmemaliza? Sawa.

Saa hii mashabiki wa Mariners wanabishana juu ya kitu kimoja tu: kikosi cha 2026. Jorge Polanco ameenda New York Mets. Josh Naylor amebaki, amesaini miaka mitano. Cal Raleigh yuko. Julio Rodríguez yuko. Kila mtu ana karatasi anahesabu majina, tumetoa nani, tumeingiza nani, halafu anatoa hukumu: tunafika ama hatufiki.

Mimi naona hiyo hesabu ya majina inatupoteza. Historia ya hii timu imeshajibu hilo swali mara mbili, tena kwa sauti. Kuna kitu kingine cha kuangalia, na hakihusu Oktoba wala hakihusu nani ni staa. Kinahusu Julai. Lakini ndiyo tufike huko lazima tuanzie nyuma kidogo.

Kwa wale hawajui besiboli, nipeni dakika moja. Msimu wa kawaida ni mechi 162. Ndiyo, 162, karibu kila siku kutoka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mechi ina iningi tisa, na kwa kila iningi timu inapiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, yaani auti tatu. Tatu mara tisa, 27. Ukishapata auti 27 za mpinzani na uko mbele, umeshinda. Halafu Oktoba inakuja na mchujo. Chukua EPL, imalize hadi mechi ya mwisho, halafu yule aliyeongoza asipewe kombe. Aambiwe aingie kwa mtoano na wengine, aanze upya kutoka sifuri. Ndivyo wanavyofanya hawa watu. Ni ukatili, lakini ndiyo sheria.

Majina makubwa, mfuko mtupu

Mariners walikaa miaka 14 bila kushinda hata nusu ya mechi zao. Msimu wa kwanza wa kushinda nyingi kuliko walizopoteza ulikuwa 1991, msimu wao wa 15. Watu wa Seattle walikuwa wamezoea. Uwanja wao, Kingdome, ulikuwa kuba kubwa la zege, na Julai 1994 vipande vya dari vilianguka kabla ya mechi, timu ikabidi icheze ugenini siku zilizobaki. Ukitaka picha ya klabu isiyo na bahati, hiyo hapo.

Mwaka wa 1992 walinunuliwa na kundi lililoongozwa na pesa za Hiroshi Yamauchi, mkubwa wa Nintendo. Eeh, Nintendo ile ya Mario. Kampuni yake ya Marekani ilikuwa na makao eneo la Seattle, na bila huo ununuzi kulikuwa na wasiwasi wa kweli kwamba timu ingehamishwa mji mwingine. Kwa hivyo ukiwahi kucheza Mario Kart, kwa njia fulani umechangia maumivu yangu.

Halafu ikaja 1995. Ken Griffey Jr., staa wao na pengine mchezaji aliyependwa zaidi Marekani nzima wakati huo, alivunjika kifundo cha mkono Mei akikimbilia mpira ukutani. Mwanzoni mwa Agosti walikuwa mechi 13 nyuma ya Angels waliokuwa wakiongoza kundi lao. Wakaanza kushinda tu, moja baada ya nyingine, hadi msimu ukaisha wakiwa sawa na Angels. Ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua. Randy Johnson, mrushaji mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, akasimama pale katikati na Mariners wakashinda 9-1.

Kwa mchujo wakakutana na Yankees. Wakapoteza mbili za kwanza. Wakashinda tatu zilizofuata. Ya mwisho, 8 Oktoba 1995, iningi ya 11, wako nyuma kwa pointi moja: Edgar Martínez akapiga mpira upande wa kushoto, Joey Cora akaingia, na Griffey akakimbia kutoka besi ya kwanza hadi nyumbani bila kusimama. 6-5. Wachezaji wote wakamrukia pale chini.

Hiyo hiti moja ilijenga uwanja. Septemba hiyo hiyo wapiga kura wa kaunti walikuwa wamekataa, kwa kura chache tu, kodi ya kujenga uwanja mpya. Baada ya huo wazimu wa Oktoba, bunge la jimbo likatafuta njia nyingine ya kupata pesa. Uwanja ukafunguliwa Julai 1999, na Kingdome ikalipuliwa Machi 2000. Wale vijana waliokoa besiboli ya Seattle. Siyo maneno ya shabiki, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini sasa angalia kikosi chenyewe. Griffey. Randy Johnson. Edgar Martínez. Hawa watatu wote leo wako kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli. Ongeza kijana mdogo anaitwa Alex Rodriguez, ambaye 1996, akiwa na miaka 20 na kidogo, alipiga wastani wa .358, wa juu kuliko wote kwenye ligi yake. Mwaka wa 1997 timu hii ilipiga homurani 264. Homurani ni pale unaupiga mpira unatoka nje ya uwanja kabisa, na 264 kwa msimu mmoja ilikuwa rekodi wakati huo. Griffey peke yake alipiga 56.

Kwenye karatasi, hakuna kikosi cha Mariners kimewahi kuwa na majina kama hayo. Matokeo? 1995 walitolewa na Cleveland hatua moja kabla ya World Series. 1996 hawakuingia mchujo. 1997 Baltimore waliwatoa mechi nne tu. 1998 walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Jibu la kwanza la historia ndilo hilo: majina peke yake hayakufikishi popote.

Wote wakaondoka, ndipo wakashinda

31 Julai 1998, Randy Johnson akauzwa Houston. Februari 2000, Griffey akaenda Cincinnati kwa sababu mwenyewe alitaka kuwa karibu na nyumbani. Desemba 2000, A-Rod akasaini na Texas Rangers, dola milioni 252 kwa miaka kumi, mkataba ambao Marekani ilikuwa haijawahi kuona kwa mchezaji yeyote.

Tafakari hiyo. Chini ya miaka mitatu, mastaa watatu wa kizazi, wote wameenda. Ukiwa shabiki wa Seattle Januari 2001 na unahesabu majina kama tunavyohesabu sasa, ungesema tumezikwa.

Msimu wa 2001 walishinda mechi 116.

Hakuna timu ya ligi yao, American League, imewahi kushinda nyingi hivyo. Kwa ligi zote mbili pamoja, ni Chicago Cubs wa 1906 tu wamewahi kufikisha 116. Na ile Texas iliyomnunua A-Rod? Alipiga homurani 52, pesa yake aliifanyia kazi, lakini timu ilimaliza ya mwisho kwa kundi hilo hilo na ushindi 73.

Ilitoka wapi? Ilitoka kwa vitu vidogo vilivyopangwa vizuri. Johnson alipouzwa, alikuja Freddy García, na 2001 García alikuwa na wastani bora kuliko warushaji wote wa American League katika kuzuia pointi. Griffey alipoondoka, alikuja Mike Cameron, aliyefunga uwanja wa nyuma kama ukuta. Bret Boone, ambaye hakuna mtu alimtarajia makubwa, alipiga homurani 37. Jamie Moyer, mzee wa miaka 38 anayerusha mpira polepole, alishinda mechi 20. Nyuma ya besi ya mwisho alidaka Dan Wilson, mtulivu. Lishike hilo jina, tutalirudia.

Na kutoka Japani akaja Ichiro Suzuki. Wachambuzi walikuwa wanasema ni mwembamba sana, hawezi Marekani. Alipiga hiti 242, akaiba besi 56, akawa mchezaji mpya bora na pia mchezaji bora wa ligi kwa mwaka mmoja. Klipu za Ichiro ndizo zilinileta mimi kwa hii timu. Anapiga mpira akiwa kama ameshaanza kukimbia. Sijawahi kuona mtu mwingine anafanya hivyo.

Kwa hivyo Oktoba 2001 si walibeba tu? Zii.

Walitoka jasho na Cleveland, 3-2. Halafu Yankees, timu iliyokuwa imeshinda 95, mechi 21 chini yao. Mariners wakapoteza mbili za kwanza nyumbani. Kocha Lou Piniella akaahidi hadharani kwamba wangerudi Seattle kucheza mechi ya sita. Kwa mechi ya nne, New York, Boone akapiga homurani iningi ya nane, wakaongoza 1-0. Iningi hiyo hiyo Bernie Williams akasawazisha. Ya tisa, Alfonso Soriano akaipiga nje akammaliza Kazuhiro Sasaki, mrushaji wao wa kufunga mechi. Siku iliyofuata ikawa 12-3. Hakukuwa na mechi ya sita.

Usisahau pia mji wa New York ulikuwa unatoka wapi. Ilikuwa chini ya miezi miwili tangu 11 Septemba. Mariners wenyewe waliposhinda kundi lao mwezi huo hawakumwaga shampeni. Walibeba bendera uwanjani wakapiga magoti wakanyamaza.

Na kama unafikiri hadithi imetosha kuuma: Yankees wakaenda World Series wakapigwa na Arizona, mechi saba. Nani alishinda mechi tatu kati ya zile nne za Arizona? Randy Johnson. Yule yule.

Jibu la pili la historia basi: hata kikosi bora kuliko vyote hakikuhakikishii.

Kwa nini 116 haikutosha

Watu hupenda kusema walichoka, ama waliogopa, ama kuna laana. Hebu tupige hesabu ya uwezekano, ile ya kurusha shilingi tulifanya sekondari.

Chukua timu kali sana, kali kiasi kwamba ikikutana na timu nyingine nzuri ina nafasi ya asilimia 60 ya kushinda mechi yoyote ile. Besiboli hiyo ni kubwa mno. Kwa raundi ya mechi tano, inapita karibu mara 68 kwa 100. Kwa raundi ya mechi saba, karibu mara 71. Sasa ili ifike World Series kwa mfumo wa 2001, lazima ipite zote mbili. Zidisha: 48 kwa 100. Na ili ibebe kombe, 34 kwa 100.

Umeelewa hapo? Timu ya kutisha, na bado mara mbili kwa tatu inarudi nyumbani bila kombe. Timu ya kawaida inayoingia mchujo, shilingi kwa shilingi, ina kama 12 ama 13 kwa 100. Football mpira unaingia mara mbili tatu na bado tunaona maajabu. Besiboli mpira mmoja unagonga mahali vibaya na mwaka mzima umeisha.

Kwa hivyo mchujo ni kama tiketi ya bahati nasibu. Kikosi kizuri kinakupa tiketi yenye namba nzuri zaidi, lakini haikupi zawadi. Njia ya kushinda ni kununua tiketi nyingi, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka ukiwa na nafasi uifanye tiketi iwe nzuri zaidi kadiri unavyoweza.

Na hapo ndipo Julai inaingia.

Dhambi ya kukaa kimya

Mwisho wa Julai ndipo dirisha la uhamisho linafungwa. Timu zinazopigania mchujo zinanunua, zilizokufa zinauza. Mwaka wa 2001 Mariners walikuwa mbele kwa mechi nyingi kiasi kwamba meneja mkuu Pat Gillick hakuleta jina lolote kubwa. 2002 na 2003, hali ile ile. Mashabiki wakampa jina la utani, "Stand Pat", yule anayekaa alipo. Mwaka wa 2002 walishinda 93, hawakuingia mchujo. 2003, 93 tena, hawakuingia tena. Leo ushindi 93 unakuingiza bila shida, wakati huo nafasi zilikuwa nne tu kwa kila ligi. Tiketi mbili zikapotea kwa sababu ya mchezaji mmoja ama wawili ambao hawakununuliwa.

Baada ya hapo giza. 2004 walishinda 63 tu, mwaka ule ule Ichiro alipiga hiti 262 na kuvunja rekodi ya tangu 1920. Mtu anavunja rekodi ya miaka 84 kwa timu inayoshika mkia. Hiyo peke yake ni huzuni.

Na usiniambie shida ilikuwa pesa pekee. 2008 walilipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 100 wakapoteza mechi 101. Hakuna timu ilikuwa imewahi kutumia pesa hiyo na kupoteza mia. Kununua ovyo ni ugonjwa pia.

Aliyeniuma zaidi ni Félix Hernández. Mrushaji, alianza Seattle 2005 akiwa na miaka 19, akamaliza 2019. Alikuwa bora wa ligi 2010, na Agosti 2012 akarusha mechi kamili: wapigaji 27 walisimama mbele yake, 27 wakarudi, hakuna hata mmoja aligusa besi. Angeweza kuondoka kwenda timu kubwa. Alibaki. Miaka 15, na hakurusha hata mpira mmoja wa mchujo. Mtangazaji wao Dave Niehaus naye aliwatangaza tangu mechi ya kwanza kabisa 1977, akafariki 2010. World Series ya Mariners hakuwahi kuitangaza. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia ni mchezo tu. Watu wametoa maisha yao yote hapo.

Ukame uliisha 30 Septemba 2022, iningi ya tisa, auti mbili, Cal Raleigh akaletwa kutoka benchi akaupiga mpira nje. Mchujo wa kwanza tangu 2001. Toronto waliongoza 8-1, wakapigwa 10-9. Halafu Houston wakatutoa, mechi ya mwisho ikiisha 1-0 baada ya iningi 18. Ni kama mechi mbili kamili bila bao.

Ungedhani baada ya hapo wenye timu wangesema sasa tunaongeza. Julai 2023, tukiwa ndani ya vita, wakamuuza Paul Sewald, mrushaji wa kufunga mechi, kwenda Arizona. Msimu ukaisha na ushindi 88. Tulikosa mchujo kwa mechi moja. Arizona, na ushindi 84, wakaingia, wakafika World Series na Sewald wao.

Oktoba hiyo mkubwa wa masuala ya wachezaji, Jerry Dipoto, akaeleza falsafa yao kwa wanahabari: ukishinda asilimia 54 ya mechi kwa miaka kumi, utajikuta umefika World Series. Mashabiki walimchoma mtandaoni wiki nzima. Mimi naona nusu ya kwanza ya hoja yake ni sahihi, ni ile ile ya tiketi nyingi. Shida ni hiyo namba. Asilimia 54 ya mechi 162 ni kama 88. Hizo 88 ndizo tulishinda mwaka huo, na hatukupewa hata tiketi! 2024 tukashinda 85, tukakosa tena kwa mechi moja. Huwezi kupanga kuwa wastani halafu ushangae ukikosa kwa mechi moja.

Auti nane

2025 walibadilika. Kocha sasa alikuwa Dan Wilson, yule mdakaji wa 1995 na 2001. Raleigh, naye mdakaji, alipiga homurani 60. Hakuna mdakaji alikuwa amewahi kupita 48. Lakini kilichonifurahisha mimi ni Julai. Kabla dirisha lifungwe waliwaleta Josh Naylor na Eugenio Suárez, wote kutoka Arizona. Naylor ni mzito, hana mbio kabisa, na bado aliiba besi 19 akiwa nasi kwa kusoma tu akili ya mrushaji. Tukashinda kundi kwa mara ya kwanza tangu 2001, ushindi 90.

Detroit tuliwatoa kwa mechi ya tano iliyokwenda iningi 15. Huku kwetu ilianza saa tisa usiku, na Polanco alipopiga hiti ya ushindi jua lilikuwa limeshatoka, watu wako stejini wanaenda kazi. Toronto tukashinda mbili za kwanza kwao, tukapoteza mbili kwetu. Mechi ya tano, iningi ya nane, Raleigh akasawazisha kwa homurani, halafu Suárez akapiga nyingine besi zote zikiwa zimejaa, pointi nne kwa mpigo. Yule mtu wa Julai. Tulikuwa tumebakisha mechi moja.

Ya sita tukapoteza. Ya saba ilikuwa usiku wa Mashujaa Day, kuamkia 21 Oktoba. Tunaongoza 3-1, iningi ya saba, auti moja imeshapatikana. Zimebaki auti nane. Nane tu. Toronto wana watu wawili kwenye besi. Wilson akamtoa Bryan Woo, akamwingiza Eduard Bazardo. George Springer akaupiga nje. 4-3. Ikaisha hivyo.

Kuna watu hadi leo wanamlaumu Wilson, kwamba angemleta Andrés Muñoz, mrushaji wake mkali zaidi, mapema. Labda. Mimi mwenyewe ningemtaka Muñoz. Lakini rudi kwa ile hesabu. Wilson alikuwa ameshika tiketi nzuri kuliko yoyote ambayo hii timu imewahi kushika, na namba ya mwisho ikakataa. Hata angemleta Muñoz, Springer bado angekuwa na bati mkononi.

Ninachokataa ni funzo ambalo baadhi ya mashabiki wanalichukua: kwamba kununua Julai hakusaidii, si tuliona. Hapana. 2001 tulikuwa na mechi 116 na tukakaa kimya, tukaishia mechi tatu mbali. 2025 tulikuwa na 90 tu, tukaongeza, tukaishia auti nane mbali. Timu yenye ushindi 26 pungufu ilifika mbali zaidi. Bahati ilikuwepo, sibishi. Lakini Suárez na Naylor walikuwepo pia, na wao hawakuja kwa bahati.

Sasa 2026

Naomba tujipange vizuri kichwani. Raleigh asitarajiwe kupiga 60 tena. Kabla ya 2025 alikuwa hajawahi kupita 34, kwa hivyo akipiga 40 tusianze kulia. Polanco atakumbukwa. Lakini warushaji ndio nguzo ya hii timu, na Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo na Bryce Miller bado ni vijana. Rodríguez na Raleigh wana mikataba mirefu. Kubaki kwa Naylor kunaniambia wenye timu wameanza kuelewa. Kuingia mchujo naona tunaingia. Kubeba kombe? Mtu akikuambia ana uhakika, muulize alikuwa wapi 2001.

Kwa hivyo msiniulize sasa nani ameenda. Johnson, Griffey na A-Rod walienda, tukashinda 116. Niulizeni mwisho wa Julai. Kama tuko kwenye vita na wenye timu wameleta wachezaji wawili wa maana, basi wamefanya sehemu yao, na Oktoba ikitukataa nitauma meno nisimlaumu mtu. Kama tuko kwenye vita na wamekaa kimya, ama mbaya zaidi wameuza kama 2023, hapo sitaki kusikia habari ya laana ya Seattle. Laana haiuzi mrushaji wako wa kufunga mechi kwa timu inayoenda fainali. Hiyo hufanywa na mtu mwenye kalamu, na jina lake tunalijua.